Shati la Njano Chini ya Shitingi

Funguo za studio nimeziacha juu ya printa, ndani ya ile sahani ya bati. Ninyi mtakaofungua mlango bila mimi, msinipigie simu kila wino unapokwama. Nimestaafu, na mstaafu ana haki ya kunywa chai yake ingali moto. Vitu vyote viko mahali pake, isipokuwa kile kipande cha plastiki ya bluu ya shitingi kilichokuwa kikining'inia nyuma ya mlango. Hicho msikitafute, nimekichukua.

Lakini najua kuna swali moja mtakalonifuata nalo hadi nyumbani, maana kila anayeanza kazi hii huliuliza: mbona picha kwenye kompyuta ni hivi, na kwenye karatasi ni vingine? Nimelijibu miaka yote huku wateja wakisubiri mlangoni, na kila mara nimelijibu nusu. Sasa nina muda. Nitalijibu lote, hata ikibidi nianzie mbali.

Nilipoingia kazini kwa papa Wilondja, mwenye studio, picha za mji wetu wa Baraka zilikuwa zinazaliwa ng'ambo ya ziwa. Tulipiga hapa, filamu ikapanda boti, ikasafishwa huko, ikarudi siku ambayo Mungu alipenda. Mteja alifungua bahasha, na rangi yoyote aliyoikuta ndiyo aliyoondoka nayo. Hakuna aliyegombana na ziwa. Katikati hapo tulikimbia vita na kurudi kama kila mtu wa Fizi, na hayo siyaandiki kwa sababu mnayajua. Tuliporudi, papa Wilondja alileta kompyuta, printa ndogo na sahani za kunasa jua juu ya bati. Tangu siku hiyo hatukuwa tena na wa kumsingizia.

Papa Wilondja alikuwa mtu wa Lubondja, mrefu, mpole, mwenye kikohozi kilichomtangulia kila alikokwenda. Kompyuta ilipofika nilidhani atanifundisha kuibonyeza. Badala yake akanipa ndoo ya chokaa na beseni la majivu ya jikoni.

"Changanya," akasema.

"Papa, kompyuta iko wapi mu hii majivu?"

"Changanya kwanza, mama. Kompyuta haitakimbia."

Tukapaka kuta zote kijivu. Watu walipita wakicheka, kwamba wenzetu wanapamba studio zao, sisi tumepaka rangi ya jiko lililozimika. Papa Wilondja akakohoa, akafuta brashi, akaniambia: "Ukuta ya bluu itakudanganya bluu. Ukuta ya majivu haina maneno mingi." Ndiyo sababu kuta zenu ni kijivu hadi leo. Akija fundi wa kuwashawishi na makopo ya rangi ya waridi, mpeni chai na mmsindikize.

Kesho yake nilikuja nimevaa kitenge chekundu, kipya, nilichokipenda. Akanirudisha nyumbani kubadilisha. Nilinung'unika njia nzima, lakini niliporudi alinionyesha: mtu mwenye nguo nyekundu akikaa mbele ya kioo cha kompyuta, wekundu unaingia kwenye kioo, na macho yanaona joto ambalo picha haina. Basi nikavaa kijivu na nyeusi kwa muda wote wa kazi. Bamama wa sokoni wakawa wananiuliza, "Pole, mama, nani amekufa?" Nikawajibu, "Wino."

Halafu ilikuja sahani. Mnaijua, ndiyo hiyo yenye funguo. Papa Wilondja aliweka juu yake bugali ya muhogo, nyeupe kabisa, sombe ya majani ya muhogo pembeni, ndakala wachache wa ziwani, na tone la mawese ukingoni. Akaipiga picha chini ya kivuli cha mlango. Kila wino mpya ulipofika kutoka Uvira, picha ya kwanza kuchapishwa ilikuwa hiyo. Sombe ikiwa kama moshi, njano imepungua. Mawese yakiwa kama damu, kuna kilichozidi. Lakini alianza na bugali. "Angalia bugali," alisema. "Bugali ikiwa na rangi, kuna mutu anadanganya." Picha hiyo tumeichapisha mpaka imetutia njaa asubuhi nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Studio za mjini zina vyombo vya kupima. Sisi tulikuwa na chakula cha mchana.

La kioo alilifundisha mwisho, nalo ndilo kubwa. Aliweka karatasi nyeupe kando ya kioo cha kompyuta, akaanza kupunguza mwanga wa kioo, polepole, mpaka weupe wa kioo na weupe wa karatasi ukawa ndugu. Picha iliyokuwa inang'aa ikanywea. Nikasikitika, nikamwambia ameiharibu.

"Hapana. Sasa inasema kweli. Mashini iko na moto yake mwenyewe. Karatasi iko masikini, inaombaka mwanga."

Fanyeni hivyo kila asubuhi. Chagueni aina ya karatasi mliyo nayo kwenye printa, si ile mnayotamani kuwa nayo. Chapisheni kipande kidogo cha uso kabla ya uso mzima. Acheni wino ukauke, kisha simameni mlangoni, kivulini, ndipo mhukumu. Mengi ya malalamiko ya wateja yanaishia hapo mlangoni.

Si yote. Wachimbaji wa dhahabu kutoka Lulimba walitaka nyuso zao ziwe nyeupe kuliko walivyozaliwa, na hao wala sikuwahesabu kama wateja wa rangi, ni wateja wa ndoto. Ila yuko mfugaji mmoja wa Bibokoboko ambaye sitamsahau. Alishuka mlimani na picha ya ng'ombe wake ndani ya simu, akataka ikuzwe aitundike sebuleni. Nikamchapishia ng'ombe mzuri, wa kahawia. Akaitazama sana, kisha akaniuliza kwa upole ng'ombe wake yuko wapi.

"Njo huyu, papa."

"Hapana, mama. Huyu ni ngombe ya mutu ingine. Yangu ni bihogo."

Nikamwambia bihogo si ndiyo kahawia. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikia mgeni akisema samaki wote ni samaki. Kwao rangi za ng'ombe zina majina kama watu, na bihogo ni wekundu mzito ulio ndani ya kahawia, wa udongo uliolowa mvua. Alikaa nami siku nzima. Nilichapisha vipande, yeye akavikataa kimoja kimoja bila hasira, mpaka kilipotoka kimoja akasimama, akavua kofia. Tangu siku ile nikawa namuuliza kila mteja anaiitaje rangi yake kabla sijagusa mashine. Mwenye ng'ombe anamjua ng'ombe wake.

Sasa nifike kwa mama Misago, ambaye kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Alikuja msimu wa kuvuna mahindi. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, akiishi kambini na kulima mashamba ya watu. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake, kwa hiyo kila aliyemwita alimtaja Misago, naye Misago alikuwa amekufa kwa homa na kuzikwa kwenye kilima nyuma ya kambi. Hakukuwa na jina jingine la kumwita, wala hakulitaka.

Alinipa simu iliyopasuka. Ndani yake kulikuwa na picha moja tu ya mtoto huyo: kasimama ukingoni mwa shamba la mahindi, shati la njano, meno mawili ya mbele hayapo, anamchekea mtu aliyeshika simu. Pembeni mwa kioo kulikuwa na doa jeusi, la namna inayotambaa.

"Hii weusi inakula," akaniambia. "Kila siku inasogea. Munitoleye mutoto mbele ifike ku uso."

Nilimweleza kwamba doa liko kwenye kioo cha simu, halimo kwenye picha. Akatikisa kichwa kwa adabu. Kwake vilikuwa kitu kimoja, na kwa kweli sikuona haja ya kumsahihisha. Nikaitoa picha, nikaiweka kwenye kompyuta, nikamuuliza rangi ya mtoto. Akakunja mkono wa blauzi, akanionyesha upande wa ndani wa mkono wake. Nikachapisha vipande, tukavilinganisha na mkono ule mlangoni, na kilichofanana ndicho nilichokikuza. Misago akatoka mzima, anacheka, shati la njano kama ndizi iliyoiva. Mama yake akaifunga picha kwenye kitenge na kuondoka bila kugeuka nyuma, namna mtu anavyoondoka na mtoto aliyelala.

Akarudi. Aliiweka picha juu ya meza, uso chini.

"Mama, huku kwenu iko muzima. Kwangu iko mugonjwa."

Nikaigeuza. Alikuwa Misago yule yule, anacheka. Nikamwambia sioni kitu.

"Huku hauwezi kuona. Kwangu shati iko rangi ya majani. Na uso iko vile alikuwa mu siku za mwisho. Nilimugeuza kwa ukuta."

Nikachapisha upya, kwa wino mpya, baada ya kuupima kwa picha ya sahani ya papa Wilondja. Akaenda, akarudi. Muuza mafuta jirani yetu akasema hayo ni mambo ya maombi, wala si ya wino, na akajitolea kumleta mchungaji wake. Mama Misago hakukasirika. Alisema mchungaji alishafika, akaombea picha, na mtoto akabaki mgonjwa. Kisha akasema neno lililoniondolea usingizi wa mchana ninaoupenda:

"Mu simu alikuwa muzima, hata mule ndani ya nyumba. Sasa simu imekufa. Nikifunga macho naona ule wa homa tu. Naanza kumusahau muzima."

Nilielewa tulichokuwa tunakipoteza. Doa lilikuwa limemaliza kioo cha simu, na sasa karatasi yangu, karatasi niliyoisifu mlangoni kwa mdomo wangu, ilikuwa inamalizia kazi ya doa. Nilijisikia vibaya sana. Papa Wilondja alikuwa ameshatutoka, vinginevyo ningekimbilia kwake. Nikabaki na maneno yake tu. Karatasi ni maskini, inaomba mwanga. Nikawaza: hapa studio inaomba mlangoni kwetu. Je, kule kwake inaomba kwa nani?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nikafunga studio, nikapanda pikipiki pamoja naye.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo, safi, imefagiwa hadi nje. Paa lilikuwa la shitingi, ile plastiki nzito wanayogawiwa wakimbizi, na yake ilikuwa ya bluu. Haikuwa na dirisha. Nikaingia, akaniweka kwenye kigoda, akatoka kwenda jikoni.

Sijui niliseme vipi. Jua lilikuwa juu ya plastiki ile, na nuru yote ya nyumba ilikuwa inapita humo kabla ya kutufikia. Haikuwa giza wala haikuwa mchana. Ilikuwa kama tumekaa chini ya ziwa na boti zinapita juu yetu. Upepo ulipoitikisa shitingi, nuru ilitembea ukutani, juu ya sufuria, juu ya mkeka, juu ya kitanda kimoja kilichotandikwa vizuri. Sauti za watoto wa nje zilifika zikiwa za mbali. Nilitazama mikono yangu magotini, nikaiona ni ya mtu mwingine, mtu asiyekuwa na siku nyingi. Nikakaa hivyo kwa muda, sikuogopa, nilisinzia macho wazi, nikihisi kwamba nikisimama nitaelea. Picha ilikuwa ukutani juu ya kitanda, imegeuziwa mgongo.

Mama Misago akaingia na chakula. Akaniwekea mbele sahani ya bugali na ndakala.

Bugali ilikuwa na rangi.

Nilicheka peke yangu, naye akanitazama akidhani nadharau chakula chake. Nikamwomba achukue tonge na kutoka nalo mlangoni. Akatoka, bugali ikawa nyeupe. Akaingia, ikawa ya bluu. Akatoka tena, akaingia tena, tonge mkononi, jirani zake wakisimama kumshangaa.

"Kumbe ni nyumba!" akasema.

"Ni nyumba, mama. Mutoto haiko mugonjwa. Na simu ilikuwa inawaka yenyewe, haikuombaka kitu kwa shitingi."

"Nitoe shitingi? Tutanyeshewa."

"Acha shitingi. Nipe kipande tu."

Akanikatia kipande kilichobaki siku ya kuezeka. Nilikula bugali ile yote, ya bluu hivyo hivyo, maana chakula cha mtu hakirudishwi.

Studio nikakitundika kile kipande mlangoni, nikaketi chini yake na vipande vya uso wa Misago. Nilipunguza bluu, nikaongeza nyekundu, nikaongeza njano, zaidi ya nilivyowahi kuthubutu. Kwenye kioo cha kompyuta mtoto alikuwa kituko. Nikiwa nje ya shitingi, karatasi ilionyesha mtoto aliyepakwa mawese kuanzia utosini. Wenzangu wakaniuliza kama nimechoka. Muuza mafuta akachungulia, akasema sasa mchungaji anahitajika kwangu. Lakini chini ya shitingi, polepole, kipande kwa kipande, shati lilianza kurudi njano, na uso ukapata damu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilichapisha picha ambayo haikufanana hata kidogo na kioo, na nikajua ni sahihi.

Nikaipeleka mwenyewe. Niliogopa njia nzima, sifichi. Nilimpa ikiwa imefunikwa, akaingia nayo ndani, akaigeuza.

Alizungumza na mtoto, kwa Kirundi, maneno mengi ya haraka, namna mama anavyomgombeza mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani. Nilisimama mlangoni na kulia kidogo, nikajifuta kwa nguo yangu ya kijivu. Baadaye akanigeukia.

"Amepona," akasema.

Basi hiyo ndiyo nusu ya jibu iliyokuwa imebaki. Kufananisha karatasi na kioo ni kazi ya kwanza, na mnaijua. Kazi ya pili ni kuuliza: picha hii itakaa wapi? Ukuta gani, dirisha lipi, paa la nini? Mteja akisema "sijui", mfuateni hadi nyumbani. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini lazima afike pa kutazamia.

Miaka ikapita, na mwaka jana mama Misago alikuja kuniaga. Watu wa kwao walikuwa wanarudi Burundi, naye alikuwa amekubali kwenda. Alikuja na picha ndani ya kitenge.

"Kule nyumba ya kaka yangu iko na bati na madirisha," akasema. "Nikifika naye vile, watacheka mutoto yangu."

Alikuwa amefikiria yote mwenyewe. Nikavuta mtoto wa meza, nikamtolea ile picha ya kwanza kabisa, aliyoirudisha uso chini. Sikuwahi kuitupa, hatutupi nyuso. Akatoka nayo mlangoni, kivulini, kama nilivyomfundisha, akakunja mkono wa blauzi, akaweka mkono wake kando ya uso wa mtoto. Mkono ulikuwa umezeeka, mtoto bado. Akaridhika.

Kisha akanisukumia ile nyingine.

"Huyu wa hapa abaki na wewe," akasema. "Kaburi yake siwezi kubeba. Mutoto hawezi kubaki huku bila mutu."

Ndipo nilipoamua kwamba kazi yangu imetosha. Nimeitundika picha chumbani kwangu, juu ya kiti ninachonywea chai. Nyumba yangu ina bati na dirisha kubwa linalotazama ziwa, kwa hiyo siku za kwanza Misago alikaa pale mwekundu, wa mawese, na wageni wakaniuliza kwa heshima kama ni kazi yangu ya kwanza. Sasa nimefunika dirisha kwa kile kipande cha shitingi. Wanangu wanasema nakaa gizani kama nyumba haina mwenyewe. Nawaambia wasubiri asubuhi. Jua likitoka upande wa ziwa na kuipata ile plastiki, chumba kinajaa bluu, mikono yangu inakuwa ya mgonjwa, chai yangu inakuwa ya ajabu, na ukutani shati linarudi njano. Namsalimia kwa jina, kwa sababu mama yake hayupo wa kuitwa kwa jina hilo hapa tena, kisha nakunywa chai yangu naye.